Ulinunua nyumba ukakuta mchwa? Tupeane uzoefu

Wadau habari zenu. Naomba hapa tuweke yaliyotukuta kwenye nyumba za kununua, hasa sisi wa sehemu za joto ambako mchwa wanakula mwaka mzima.

Naanza mimi. Nyumba niliyonunua ilikua imepigwa rangi mpya kila mahali mpaka fremu za milango, nikaona mwenye nyumba ni mtu anayejali. Miezi minne baadae mke wangu anafagia, ufagio ukagonga fremu kwa chini ikabonyea kama boksi lililolowa. Kuchokonoa kwa kidole hamna mbao, ni udongo na mchwa, na kwa nje rangi iko nzima kabisa. Kumbe wanakula kwa ndani wanakuachia gamba jembamba juu, macho peke yake hayatoshi. Siku hizi ndugu akiniita tukaangalie nyumba naenda na bisibisi na tochi, nagonga fremu, nagonga skatingi, naingiza kichwa mpaka ndani ya makabati ya jikoni, sauti ikitoka kama ya kitu kitupu hapo nabaki napo. Na wewe ulikutwa na nini?

---

Pole sana mkuu. Kwangu fremu zilikua salama, tatizo lilikua bustani. Aliyetuuzia alijaza udongo wa maua ukapanda juu ya msingi mpaka ukagusa ukuta. Mchwa wa ardhini akikosa unyevu anakauka anakufa, ndo maana akipanda msingi anajijengea kijia cha udongo, unene kama penseli hivi, na hicho kijia ndo dalili rahisi kuliko zote. Sasa udongo ukishafunika msingi utakiona wapi? Tuliuchimba wote tukaushusha, sentimita 15 za msingi zikawa zinaonekana nyumba nzima, na lile bomba la kiyoyozi lililokua linadondoshea maji palepale ukutani tukalipeleka mbali.

---

Mi nauliza jamani, kumbikumbi wakija kwenye taa baada ya mvua ndo nyumba ina mchwa?

---

Hapana dada, wa nje wanaofuata taa ni kawaida. Wa kuogopa ni wanaotokea ndani, kwenye ufa wa sakafu au ukutani, au ukute mbawa zimelundikana dirishani na madirisha yalikua yamefungwa. Na mwangalie vizuri asije akawa sisimizi mwenye mbawa: sisimizi ana kiuno chembamba na mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma, kumbikumbi hana kiuno na mbawa zake zote nne zinalingana.

---

Yangu ni ndefu kidogo mnivumilie. Tulikuta punje kama mchanga zinadondoka toka darini, tunafagia asubuhi jioni zipo tena. Nikaita mtu wa dawa, hakupanda hata darini, akatoboa sakafu kuzunguka kuta akapiga dawa nikamlipa, punje zikaendelea. Wa pili ndo aliziangalia kwa lenzi, kila punje ina pande sita, akasema hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, hawa wanaishi humohumo kwenye mbao na hawana haja ya udongo kabisa, kwa hiyo dawa ya chini haiwafikii. Nililipa mara mbili na iliniuma sana. Tulibadilisha kenchi tatu, nyingine zikatobolewa zikachomwa dawa kwa sindano. Kwa hiyo kabla hujalipa mtu ahakikishe kwanza ni mchwa gani, na kama hapandi darini muache aende.

---

Naongezea la oili chafu maana kila mtu anashauri hiyo. Usimwage. Inakaa juujuu, inaharibu udongo na inaweza kufika kwenye maji ya kisima, na mchwa watapita chini yake. Kichuguu nacho ukikivunja juu hujafanya kitu, malkia yuko ndani huko anataga, watakijenga tena.

---

Mimi yangu iko kwenye makaratasi. Muuzaji alisema msingi ulipigwa dawa kabla ya kumwaga zege, na kweli risiti alinionyesha. Nilichosahau kuuliza ni kama baada ya hapo kuna kitu kimeongezwa, na kilikuwepo, alichimba kupitisha bomba la choo cha ndani, ule udongo wenye dawa ukatolewa wakarudishia mwingine, na mchwa wakaingilia palepale bomba linapotokea sakafuni. Ikabidi tutoboe kufuata ukuta kila sentimita 30 na kupiga dawa ya fipronil. Hiyo haiwafukuzi, wanapita humo bila kujua wanaenda kuambukizana, ndo maana wiki za kwanza bado nilikua nawaona nikadhani nimeibiwa. Muulizeni muuzaji: baada ya dawa ulichimba wapi? Na jibu aliandike kwenye mkataba.

---

Asanteni sana, mimi mleta mada. Hilo la bomba limenishtua, jikoni kwangu sinki lilihamishwa na nilishaliona kama zuri tu. Kesho natoa kabati la chini nikague, nitarudi kuwaambia nilichokuta.