Tupeane uzoefu: Dubai hadi Guangzhou ni masaa mangapi hasa?

Mleta mada: Wakuu, mwezi ujao nafuata mzigo China kwa mara ya kwanza, napitia Dubai. Umbali naona ni kama kilomita 5,800. Ndege ya kwenda inatoka saa 4 asubuhi, inafika saa 3 na ushee usiku. Ya kurudi inaondoka saa 6 na robo usiku, inatua kabla ya saa 11 alfajiri. Yaani kwenda masaa 11, kurudi manne na kitu? Walioruka njia hii tupeane uzoefu.

Mzee wa Spea: Hahaa, tiketi inakuchezea. Guangzhou wako mbele ya Dubai kwa masaa manne, na kila kiwanja kinaandikwa kwa saa yake. Kwenda ni masaa saba na kidogo, kurudi manane na zaidi. Ule upepo mkali wa juu unavuma kutoka magharibi: ukienda unakusukuma, ukirudi unapambana nao. Mimi kurudi ndiko kunanichosha, maana magoti yanagusa kiti cha mbele usiku kucha.

Mama Mabegi: Mdogo wangu, hiyo ya saa 6 na robo usiku iangalie kwa macho mawili. Kama tiketi imeandikwa 00:15 tarehe 15, uwanjani unakwenda usiku wa tarehe 14. Mwenzangu wa vitenge alijitokeza usiku wa tarehe 15, mabegi yamefungwa nailoni vizuri, ndege ilishaondoka usiku uliotangulia. Alinunua tiketi nyingine kwa pesa ya mtaji.

Abuu wa Mombasa: Mimi nilisafiri Ramadhani. Nilikula daku Dubai, na kwa kuwa ndege inaelekea mashariki, mchana ulikatika mapema mno. Jua likazama dirishani huku saa yangu ya mkononi, bado ya Dubai, ikisoma alasiri. Jirani yangu akakataa kufungua, eti Dubai bado kweupe. Mimi nilifuata jua ninaloliona, nikachukua tende yangu. Kama saumu zote zingekuwa hivyo!

Mleta mada: Nimewaelewa. Sasa nikitua saa 3 usiku, naweza kupata treni ya kwenda Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika?

Mzee wa Spea: Ipo, ila usitegemee. Foleni ya uhamiaji, halafu usubiri begi, mara saa 5 hiyo na treni za mwisho zinaondoka. Panga teksi kabisa.

Mama Mabegi: Na jina la hoteli lichapishwe kwa Kichina, kwenye karatasi. Dereva ukimwonesha herufi zetu anakutazama tu. Aprili na Oktoba, wakati wa maonesho makubwa ya biashara, weka nafasi mapema. Vyumba hupanda bei vibaya. Unafuata mzigo gani kwani?