Ukuta wa maswali, klabu ya jioni au masomo ya nje: shule ya msingi ianze na lipi?

MzaziWaTudor (mwanzilishi wa mada)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya 4 katika shule moja ya msingi ya umma hapa kisiwani Mombasa. Mwalimu mkuu ametuomba tuchague jambo moja ambalo wazazi watalisaidia kuanzia muhula ujao, ili watoto wajifunze kwa kuuliza na kuchunguza badala ya kunakili ubaoni na kukariri. Fedha ni chache, madarasa yamejaa, na walimu wanasema kwamba kazi ya kujaza fomu za tathmini imekwisha kuwala muda wao. Mapendekezo yaliyobaki mezani ni matatu.

La kwanza ni ukuta wa maswali: karatasi ya manila hubandikwa katika kila darasa, mtoto huandika swali lake wakati wowote, na kila Ijumaa kipindi kimoja hutengwa kwa swali moja lililochaguliwa na darasa lenyewe. La pili ni klabu ya wadadisi, itakayokutana mara moja kwa wiki baada ya masomo chini ya mwalimu wa sayansi, kwa watoto watakaojiandikisha. La tatu ni masomo ya nje, yaani kila gredi ipelekwe mahali pamoja kwa muhula, kama vile Fort Jesus, bustani ya Haller kule Bamburi au mikoko ya hori ya Tudor.

Mimi binafsi navutwa na la tatu, ingawa ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote. Ningependa kuwasikia waliojaribu lolote kati ya haya kabla hatujaketi na bodi ya shule.

Mwalimu_Changamwe

Ndugu mzazi, ahsante kwa kuleta jambo hili. Nafundisha Gredi ya 5, na nitaeleza ukuta wa maswali kwa sababu ndio ninaoutumia.

Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, tayari unatutaka tufundishe kwa maswali, na katika miongozo ya kila somo mna safu ya maswali dadisi. Kasoro iliyopo ni kwamba maswali hayo yameandikwa na watu wazima, mwalimu huyasoma mwanzoni mwa kipindi, darasa hujibu kwa pamoja, na mambo yakaishia hapo. Ukuta hubadilisha mwenye swali. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika, "Kwa nini chumvi ya nyumbani hulowa ndani ya kikopo wakati wa masika?" Swali hilo halimo katika kitabu chochote cha Gredi ya 5, lakini hakuna nyumba ya Mombasa isiyolijua.

Sikulijibu. Niliwauliza kwanza wanadhani ni kwa nini, na majibu yakawa mengi: wengine walisema chumvi inatoa jasho, wengine wakasema kikopo kinavuja, na msichana mmoja akasema kwamba nyanya yake hutia punje za mchele ndani ya chumvi, kwa hiyo lazima mchele unafanya kazi fulani. Tuliweka visahani vitatu dirishani: cha kwanza kilikuwa na chumvi iliyoachwa wazi, cha pili chumvi iliyofunikwa kwa kikombe cha kioo, na cha tatu chumvi iliyochanganywa na mchele. Kila asubuhi kundi moja lilivigusa, likavichora na kuandika kama chumvi bado inamiminika au imeshikana. Baada ya hapo ndipo nilipowafundisha juu ya unyevu wa hewani. Nilipowaeleza kwamba chumvi huanza kuvuta maji na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapozidi kiasi cha asilimia 75, na kwamba hewa yetu ya pwani huvuka kiwango hicho mara kwa mara, walinisikiliza kuliko siku nyingine yoyote, kwa kuwa walikuwa wakisubiri jibu la jambo walilolishika kwa vidole vyao.

Gharama ilikuwa chumvi, mchele na visahani. Hata hivyo nawatahadharisha: ukuta usioshughulikiwa hufa. Watoto wakiona maswali yao yanakaa wiki nyingi bila mtu kuyagusa, huacha kuandika, na karatasi ile hugeuka pambo la kumwonyesha mkaguzi.

MamaWawili_Likoni

Naunga mkono ukuta, na sababu zangu ni za mama wa nyumbani zaidi kuliko za kitaalamu. Klabu ya jioni itawaacha nje watoto wengi. Watoto wangu wanasoma kisiwani na kuvuka kwa feri. Wakichelewa, wanakutana na umati wa watu wanaotoka kazini, na hakuna mzazi atakayelala usingizi kwa sababu ya klabu. Tena watoto wengi wa huku wakitoka shuleni wanakwenda chuoni, yaani madrasa. Watakaobaki kwenye klabu ni wale wanaofuatwa na gari, ambao kwa kawaida ndio wenye vitabu na intaneti nyumbani.

Nina ombi moja tu: uchunguzi usigeuke kuwa miradi ya wazazi. Sote tunakumbuka usiku wa kukimbilia saiba, yale maduka ya intaneti, kuchapisha picha, na vile vinyago vya kufukuzia ndege vilivyoshonwa na akina mama huku mtoto amelala. Kama uchunguzi ni wa mtoto, ufanyike darasani, mwalimu akiona.

Ustadh_MjiWaKale

Wa aleikum salaam. Mama wa Likoni amesema kweli kuhusu saa za chuo, na sisi walimu wa madrasa tungeshukuru kama shule zingetuuliza kabla ya kupanga ratiba za jioni.

Ningependa kuongeza jambo ambalo wengi wa vijana wetu hawalijui. Mji huu una historia yake katika elimu ya namna hii. Katika miaka ya 1980 wazazi wa Kiislamu wa pwani walitaka watoto wao wadogo wapate elimu ya awali bila kuachana na dini yao, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ukaanzishwa hapa Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, ambao baadaye ulienea hadi Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ileile, wakapewa mafunzo, na vifaa vyao vilikuwa makombe ya pwani, vifuu, vizibo vya chupa na mbegu. Utaratibu waliouchukua na kuurekebisha ulitoka Marekani, nao una hatua tatu: mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha huwaeleza wenzake alichofanya na alichokiona.

Naitaja historia hii kwa sababu ya ile hatua ya tatu, ambayo siioni katika pendekezo lolote kati ya hayo matatu. Watoto wakichunguza chumvi na kengele ikalia kabla hawajaeleza walichokiona, nusu ya somo imepotea. Katika darasa langu la mchana mtoto hasimami kusoma aya mpya kabla hajasimama kueleza ya jana, na sioni kwa nini sayansi iwe tofauti.

MkaguziMstaafu

Nimesoma michango yote kwa makini, na naomba niseme jambo ambalo huenda lisipendeze. Nimewahi kukaa nyuma ya madarasa mengi ambamo mwalimu, kwa kuogopa kuitwa wa kizamani, aliwagawia watoto sumaku na misumari, akawaambia wachunguze, kisha akaketi. Baada ya nusu saa walikuwa wamecheza vizuri na hawakuweza kusema lolote juu ya sumaku.

Wasomi wamekwisha kubishana juu ya hili. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala wakidai kwamba kumwachia mwanafunzi mchanga agundue mambo bila mwongozo huielemea akili yake, kwa kuwa nafasi ya kushikilia mambo mapya kwa wakati mmoja ni finyu na hana maarifa ya awali ya kumsaidia. Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver na wenzake wawili waliwajibu kwamba uchunguzi ukiendeshwa vizuri hauko bila mwongozo hata kidogo, kwani mwalimu huwapangia wanafunzi hatua, huwapa vielelezo na huwauliza maswali ya kuwasogeza mbele. Ukiyasoma mabishano hayo kwa utulivu, utaona kwamba pande zote mbili zinamlaumu yule mwalimu aliyeketi. Mwalimu wa Changamwe hakuketi: alichagua visahani vitatu, akaamua nini kifunikwe na nini kiachwe wazi, na akafundisha unyevu kwa wakati wake.

Kwa hiyo swali ninaloliuliza bodi yenu, Bwana Tudor, ni kama walimu wanne au watano wako tayari kupanga vipindi hivyo vya Ijumaa pamoja. Wakiwapo, chagueni ukuta. Wasipokuwapo, hata klabu haitawafaa, kwa sababu itategemea mwalimu mmoja, naye anaweza kuhamishwa wakati wowote.

Kuhusu Fort Jesus, naipenda ngome ile, lakini ziara nyingi za shule nilizoziona zilikuwa za watoto kuandika kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kisha wakanunua aiskrimu. Hakuna aliyeugusa ukuta akauliza kwa nini mawe yake yana alama za matumbawe.

KijanaWaBamburi

Mzee wangu, nakubaliana nawe kuhusu ziara za kuandika miaka, ila nisingependa masomo ya nje yatupwe kwa sababu hiyo. Bustani ya Haller ni mahali ambapo swali moja zuri linaweza kulibeba darasa kwa muhula mzima.

Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti juu ya mwamba mtupu, penye jua kali na maji ya chumvichumvi karibu na uso wa ardhi. Miti ya mivinje ilistahimili, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani. Lakini likazuka tatizo jipya: majani yake membamba yalianguka na kurundikana bila kuoza, hivyo udongo haukuwa ukitengenezeka. Waliookoa hali ni majongoo. Waliletwa, wakayala majani hayo, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji ambayo leo inabeba msitu.

Sasa, mwongozaji akikusimulia hadithi hiyo langoni, imekwisha. Lakini darasa likiambiwa wiki moja kabla ya safari kwamba hapo palikuwa mwamba mtupu, likaulizwa udongo ulitoka wapi, watoto watafika wakiwa na makisio yao, watafukua majani kwa vijiti na kumwona jongoo mwenyewe kazini. Safari ile ile, nauli ile ile. Tofauti iko katika wiki iliyotangulia, na ukuta wa maswali ndio mahali pa kuifanyia kazi hiyo.

MamaWawili_Likoni

Niulize jambo. Je, na wale wasiouliza? Binti yangu mkubwa hanyooshi mkono hata nyumba ikiwaka moto. Naona ukuta huo utajazwa na watoto walewale wanne au watano.

Mwalimu_Changamwe

Ni kweli, Mama, hutokea hivyo. Mimi niliweka kopo la maziwa lenye tundu kwenye kifuniko, na maswali hutumbukizwa bila jina, kwa lugha yoyote ambayo mtoto anaiweza. Siku ya Alhamisi makundi ya watoto sita sita huyasoma na kuyapanga: yapi yanajibiwa kwa neno moja, yapi yanahitaji kupimwa au kuangaliwa kwa siku kadhaa. Mtoto mnyamavu husikia swali lake likijadiliwa bila mtu kujua kwamba ni lake. Baadhi yao hujitaja baadaye, wengine hawajitaji, na simlazimishi yeyote.

Kwa Ustadh: nimelichukua lile la kueleza. Ijumaa hii nitakata dakika kumi za mwisho kwa ajili hiyo.

MzaziWaTudor

Nawashukuru sana. Nitakachopeleka kwa bodi ni hiki: tuanze na ukuta na kopo katika Gredi ya 4 na ya 5 pekee, mradi walimu wa gredi hizo wakubali kupanga Ijumaa pamoja, klabu tuiache, na fedha za wazazi zitumike kwa safari moja ya Bamburi, itakayofanyika baada tu ya maswali kukusanywa. Kuna mzazi mmoja aliyependekeza kwamba, kwa kuwa shule yetu haiko mbali na hori, watoto watembee kwa miguu hadi kwenye mikoko bila gharama ya basi. Je, kuna mwenye ushauri kuhusu hilo?

KijanaWaBamburi

Liko wazi, Bwana Tudor, ila mfuate bahari, msifuate ratiba ya shule. Chagueni siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa kuwa hapa Mombasa siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na matope hubaki wazi kwa muda wa kutosha. Thibitisheni kwa jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Kila mtoto avae viatu vya kufunga, kwa sababu mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, inachomoza kama misumari, na kila watoto kumi wawe na mtu mzima anayelijua eneo.

Msiwaeleze kitu njiani. Wasimamisheni kimya mbele ya wale kaa wadogo hadi watoke mashimoni, kisha wahesabu wangapi wana gando moja kubwa na wangapi wana mawili madogo. Swali litakuja lenyewe, na jibu lake, kwamba wenye gando kubwa ni madume, lisubiri hadi mrudi darasani. Mkiweza kurudi kesho yake, waulizeni kwa nini maji yaliyokupwa jana saa nne leo yamekupwa saa tano kasoro dakika kumi. Kwa swali hilo mwiteni mzazi mmoja mvuvi, naye apewe kiti mbele ya darasa.