"Lima" ni tano Indonesia, ni mkono Hawaii. Inahusiana na kulima kwetu?

Makulu_Isimu
Wakuu, habari za jioni. Naandaa wasilisho la darasa hapa Dodoma. Kiindonesia "lima" ni tano, Kihawaii "lima" ni mkono, na kwetu, Kiswahili na Kigogo, "kulima" ni kazi ya mkono. Wapo wanaodai ni neno moja lililopitia Madagaska. Kweli? Na inakuwaje neno moja liwe namba huku na kiungo cha mwili kule?

Mdau_Chemba
Mkuu, "kulima" itoe kwenye orodha leo hii. Ni ya Kibantu: mzizi ni -lim-, ile a ni kiishio tu, ndiyo maana tuna kilimo, mkulima, limisha. Kwenye "lima" ya Kiaustronesia (familia ya lugha inayoanzia Madagaska, kupita Indonesia na Ufilipino, hadi Hawaii), a ni sehemu ya neno lenyewe. Zimefanana kwa bahati.

Halafu angalia hilo daraja la Madagaska. Wamalagasi hawasemi "lima", wanasema dimy. Kwao l ikifuatwa na i hugeuka d: ngozi kwa Kimalei (ndicho kilichozaa Kiindonesia) ni *kulit*, kwao *hoditra*. Ila mbingu, *langit*, kwao ni *lanitra*. L imebaki kwa kuwa inafuatwa na a. Kanuni ikijirudia hivyo neno baada ya neno, hapo ndipo una undugu. Kufanana kwa sura peke yake hakutoshi, na wanafunzi wengi huangukia hapo.

Maana sasa. Mkono una vidole vitano, na neno hilo kongwe lilibeba yote mawili. Samoa bado "lima" ni mkono na ni tano. Hawaii pia, ila wakihesabu wanaweka kiambishi: *ʻelima*. Kimalei kimebakiza tano, mkono ukawa *tangan*. Kimalagasi vilevile, *dimy* na *tanana*. Ufilipino, Kitagalog, tano ni *lima* na mkono ni *kamay*.

Bi_Kondoa
Mdogo wangu, nakushauri uongeze manuk, maana hapo ndipo maana inasafiri kweli kweli. Kitagalog *manok* ni kuku. Kijava *manuk* ni ndege yeyote. Ukienda Polinesia, visiwa vya Pasifiki kama Hawaii, Samoa na Tonga, k ya mwisho inadondoka: Kimaori na Kihawaii *manu* ni ndege, na Tonga *manu* ni ndege au hata mnyama.

Ipi ya zamani? Lugha ya kale iliyozaa hizi zote ilisema *manuk* kwa kuku, na ndege wa porini ikamwita kwa kurudufu, *manu-manuk*. Baadaye huko visiwani jina la kuku likapanuka, kuku akabaki hana jina, akapewa jingine: moa. Hawaii, Samoa na Tonga hadi leo moa ni kuku. Lakini Wamaori walipofika New Zealand, kuku hawakuwa nao, walikuta ndege wakubwa wasioruka, mkubwa kuliko wote akiinua shingo anafika kama mita 3.6. Wakampa jina hilohilo, moa. Waliwawinda hadi wakaisha. Kuku alipokuja na Wazungu ilibidi atafutiwe jina upya: *heihei*.

Darasani wape mfano wa "mboga", wataelewa mara moja. Kwa mama ntilie ukiulizwa "mboga gani?" unajibu nyama, maharage au mlenda. Soko la Majengo ukiomba mboga unapewa mchicha au matembele. Neno moja, mji mmoja.

Makulu_Isimu
Asante sana dada. Na kuku wa Kimalagasi, naye ni *manuk*?

Mdau_Chemba
Hapana, na hapa ndipo sisi tunaingia. Kuku ni akoho, ng'ombe ni omby, mbwa ni amboa. Hayo ni maneno ya Kibantu yaliyotoka upande wetu wa bahari. Ndege wao ni *vorona*, ndugu wa *burung* ya Kimalei. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, tenga maneno ya mifugo na biashara, hayo hukopwa sana. Anza na namba, viungo vya mwili, mbingu, njia.

Kwa utaratibu mfuate Otto Dempwolff, daktari wa Kijerumani aliyechunguza lugha. Alianza na lugha 3 tu, Kitagalog, Kitoba-Batak na Kijava, akakisia maumbo ya kale, kisha akayapima kwa lugha nyingine, Kimalagasi na Kisamoa zikiwemo. Vitabu vitatu, 1934 hadi 1938. Ukitia lugha kumi kwa pamoja tangu mwanzo hutajua kosa limetokea wapi.

Na litaje hili mbele ya darasa: daktari huyohuyo ndiye aliyetoa kitabu kuhusu Kisandawe mwaka 1916. Lugha ya vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi, ya hapa hapa kijijini Kwa Mtoro.

Bi_Kondoa
Ukiwa na jedwali la maneno 20 libandike hapa, tulipitie safu kwa safu.