Huku hakuna sapu

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Kombo*

Salum (Dallas): Shikamooni wakubwa. Samahani nimekaa kimya. Shangazi naomba nikuulize hapahapa maana mama ananiuliza kila siku na mi sijui nimjibu vipi. Lile somo la algebra limenishinda, hii wiki ya pili siingii darasani. Nimeona bora niliache tu nikazane na haya matatu

Mama Salum (Tanga): Wiki mbili? Na jana umeniambia umetoka darasani

Salum (Dallas): Nilikuwa natoka la kiingereza mama, sijakudanganya

Ba'mdogo Hemedi (Dar): Marahaba. Usitie presha mwanangu. Somo moja tu, ukifeli utapiga sapu, mtihani wa marudio, sisi Mlimani tumepiga sana sapu na tumemaliza. Kitu cha kuogopa ni disko, kufukuzwa chuo

Shangazi Mwanaidi (Houston): Marahaba Salum. Hemedi mdogo wangu hapo utampoteza mtoto. Huku hakuna sapu. Ukifeli umefeli, unajiandikisha somo lote upya, unakaa darasani miezi minne tena na ada unalipa tena

Ba'mdogo Hemedi (Dar): Haiwezekani dada, hata ya likizo hakuna?

Shangazi Mwanaidi (Houston): Hakuna. Kuna kitu wanaita I, yaani hujakamilisha, mwalimu anaweza kukupa ukiugua karibu na mwisho na ulikuwa unafanya vizuri, unamalizia baadae. Hiyo haimhusu aliyeacha kuingia darasani

Salum (Dallas): Lakini shangazi mbona nimetumiwa emaili inasema niangalie SAP yangu? Mi nikajua ndio hiyohiyo sapu nikafurahi

Shangazi Mwanaidi (Houston): Ndio maana nasema muulize mapema. Hiyo SAP ni kitu kingine kabisa. Ni kipimo cha serikali kuona unavyokwenda na masomo ndio uendelee kupewa hela. We unasoma kwa Pell, hela ya msaada ya serikali, si ndio? Ulijaza FAFSA, ile fomu ya kuomba, ukapata?

Salum (Dallas): Ndio

Shangazi Mwanaidi (Houston): Basi Pell sio mkopo, hairudishwi, ila ina masharti na sharti kubwa ni hilo. Wanaangalia mambo matatu. La kwanza GPA, wastani wa alama zako, vyuo vingi wanataka isishuke 2.0 yaani wastani wa C. La pili katika krediti zote ulizojiandikisha uwe umefaulu asilimia 67 hivi. La tatu usizidishe mara moja na nusu ya urefu wa kozi, digrii yenu ya miaka miwili ni krediti 60, kwaiyo ukifika 90 za kujaribujaribu hela inakata hata kama hujamaliza

Mama Salum (Tanga): Wifi mi hizi krediti ndio sizielewi. Ananiambia anasoma krediti 12, nikajua masomo 12, kumbe masomo manne! Mtu mzima masomo manne tu na analalamika

Shangazi Mwanaidi (Houston): Wifi manne ndio kujaza, chini ya 12 hahesabiwi mwanafunzi wa muda wote. Krediti moja ni kama saa moja darasani kwa wiki na masaa mawili ya kusoma mwenyewe nyumbani, kwa wiki kama 15 hivi. Sasa 12 piga hesabu, masaa 36 kwa wiki, ni kazi kamili ile, na huyu anafanya kazi ghala usiku. Hachezi huyo mtoto. Na hapa Texas ukiona namba ya somo utajua lenyewe, Salum la kwako ni MATH 1314, ile 1 ya mwanzo ni mwaka wa kwanza, ile 3 inayofuata ni krediti tatu. Mi anatomia yangu ilikuwa BIOL 2401, krediti nne, nilitoa machozi

Salum (Dallas): Kumbe! Sikujua hizo namba zina maana

Shangazi Mwanaidi (Houston): Sasa sikiliza mwanangu maana hili limenikuta mimi na sijawahi kulisema humu. Semesta yangu ya pili baada ya kuja niliacha kuingia somo la kemia hivihivi, sikumwambia mtu, nikaona nikikaa kimya litajifuta lenyewe. Halijifuti. Lilikuja F. GPA ikashuka, nikapewa onyo, semesta iliyofuata mwanangu akaumwa nikayumba tena, hela ikakatwa. Nilikaa mwaka mzima nalipa mfukoni na kuosha wazee usiku. Ilibidi niandike barua ya rufaa na vyeti vya hospitali ndio nikarudishiwa. Yote kwa sababu sikujua tofauti ya kutoroka na kujitoa

Mama Salum (Tanga): Pole wifi. Na hukutuambia

Shangazi Mwanaidi (Houston): Niliona aibu wifi. Mlikuwa mnanisifu huko

Salum (Dallas): Kwaiyo kujitoa kukoje

Shangazi Mwanaidi (Houston): Ziko njia tatu za kuacha somo na kila moja ina bei yake. Kabla ya siku ya sensa, siku chuo kinapohesabu wanafunzi, hapa Texas kwa semesta ya kawaida ni siku ya 12 ya masomo, ukiliacha linafutika kabisa halionekani popote. Hiyo imeshapita. Baada ya hapo mpaka tarehe fulani unaweza kujitoa rasmi, kwenye transkripti, ile karatasi ya alama zako zote, inaandikwa W. Tarehe iko kwenye kalenda ya chuo chako, iangalie leo. Ikipita hiyo ndio F inakusubiri

Salum (Dallas): Nimeangalia ni Ijumaa ijayo

Shangazi Mwanaidi (Houston): Alhamdulillah. Hayo matatu mengine uko vipi?

Salum (Dallas): B zote

Shangazi Mwanaidi (Houston): Basi tazama. Ukichukua W, GPA inahesabu matatu tu, unabaki 3.0. Ukipata F inaingia kama sifuri, pointi zako 27, yaani B ni 3 mara krediti 9, zinagawanywa kwa 12, unashuka 2.25. Somo moja tu limekula robo tatu ya pointi

Rehema (Minneapolis): Shikamoo shangazi, shikamoo mama mkubwa. Samahani nadakia, kwaiyo W haina madhara?

Shangazi Mwanaidi (Houston): Marahaba mama. Inayo. Ile asilimia 67 inahesabu W kama hujafaulu. Salum amejiandikisha 12 akimaliza 9 ni asilimia 75, yuko salama. Angeacha mawili ni 50, onyo linakuja hapohapo. Na hapa Texas kuna sheria, walioanza kuanzia 2007 kwenye vyuo vya umma digrii ya kwanza hawaruhusiwi kuacha masomo zaidi ya sita mpaka wamalize. Kwaiyo Salum umebakiza matano, usiyatumie kama vocha

Rehema (Minneapolis): Mi pia nataka kujitoa moja, takwimu, mwalimu simwelewi lafudhi. Nina 12. Nilikuwa naingia kwenye mtandao nibonyeze sasa hivi

Shangazi Mwanaidi (Houston): REHEMA USIBONYEZE

Shangazi Mwanaidi (Houston): Nakupigia

Ba'mdogo Hemedi (Dar): Kuna nini tena?

Ba'mdogo Hemedi (Dar): Dada?

Shangazi Mwanaidi (Houston): Nimeongea nae. Naandika na humu ili wote mjue. Salum ana grini kadi, kibali cha kuishi huku moja kwa moja. Rehema yuko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ni habari nyingine kabisa. Mwenye F-1 akishuka chini ya krediti 12 bila ruhusa ya yule afisa wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, anayemtolea I-20, ile fomu ya chuo ya viza, amevunja masharti ya viza. Sio swala la alama tena hapo, ni swala la kukaa nchini. Na ruhusa inatakiwa KABLA ya kubonyeza

Ba'mdogo Hemedi (Dar): Subhanallah. Na mimi ndio niliyemwambia juzi kama somo linakusumbua liache. Nimeuza kiwanja cha Mbagala kwa ajili ya hiyo ada

Rehema (Minneapolis): Baba hukujua na mimi sikujua. Kwenye kompyuta kitufe kinakubali tu, hakiulizi una viza gani

Shangazi Mwanaidi (Houston): Ndio ubaya wake. Nenda kesho umweleze afisa. Mtu akipangwa somo lisilo la kiwango chake, au hajazoea kiingereza na ufundishaji wa huku, anaweza kuruhusiwa kupunguza, ila isishuke chini ya nusu na yeye ndio anaamua. Na usidanganyike kujaza pengo na masomo ya mtandaoni, linalohesabiwa kwenye zile 12 ni moja tu

Mama Salum (Tanga): Wifi sasa si upige simu chuoni kwa Salum uwaulize maendeleo yake yote, mi kiingereza kinanipiga chenga

Shangazi Mwanaidi (Houston): Hawatanijibu wifi, hata wewe mama yake hawatakujibu. Kuna sheria ya 1974, mtoto akishaingia chuo rekodi ni zake mwenyewe, hata awe na miaka 17, hata kama wewe ndio unalipa. Mpaka asaini fomu kwamba mama yangu aambiwe

Mama Salum (Tanga): Nimemzaa mimi halafu siambiwi 😢

Salum (Dallas): Nitasaini mama. Na alama nitakutumia mwenyewe kila mwezi

Mama Salum (Tanga): Haya. Ila wifi nikwambie ukweli, watu hapa wanauliza mbona mtoto kaenda Marekani halafu anasoma chuo cha mtaa sio yunivasiti

Shangazi Mwanaidi (Houston): Waambie wifi yako kaanzia hukohuko na leo ni nesi. Ada ni ndogo, darasa dogo, mwalimu anakujua jina. Na masomo ya msingi hapa Texas, krediti 42, akiyamaliza yote anahamia nayo yunivasiti ya umma yoyote ya jimbo yanapokelewa kwa pamoja. Ila D asitegemee, D nyingi hazibebwi. Salum kabla hujajitoa fanya mambo mawili. Fungua silabasi upige hesabu kama bado unaweza kupata C, halafu nenda kwa mwalimu kwenye masaa yake ya ofisi. Huku mwalimu kukaa ofisini kukusubiri ni sehemu ya kazi yake, usiogope kama unaenda kuchapwa

*Jumatatu*

Salum (Dallas): Shangazi shikamoo. Nimepiga hesabu. Majaribio mawili ya 25 kila moja nimepata 10 na 12, homuweki 12 kwenye 20. Jumla 34. Fainali ni 30, hata nikipata yote ni 64, ni D

Shangazi Mwanaidi (Houston): Basi jibu unalo. Mwalimu kasemaje?

Salum (Dallas): Kanipokea vizuri sana. Kasema niliwekwa juu ya uwezo wangu wa sasa, semesta ijayo nichukue ile algebra inayoambatana na darasa la kusaidiwa, unasoma yote mawili pamoja. Akaniuliza kwa nini sikuja mwezi wa tisa

Shangazi Mwanaidi (Houston): Ofisi ya msaada wa fedha umepita?

Salum (Dallas): Nimepita. Wamesema Pell ya semesta hii haiguswi kwa sababu sijatoka masomo yote. Ningeacha yote kabla ya asilimia 60 ya semesta wangenidai sehemu ya hela. Nimejitoa sasa hivi, hii hapa picha, W imeshatokea

Rehema (Minneapolis): Mi afisa amenikatalia kupunguza ila kanipeleka kituo cha kusaidiwa masomo, bure, nina mtu wa takwimu Jumanne na Alhamisi. Ni Mkenya shangazi! Ananielekeza kwa kiswahili

Ba'mdogo Hemedi (Dar): Alhamdulillah. Kiwanja kimepona

Shangazi Mwanaidi (Houston): Salum usajili wa semesta ijayo unafunguliwa lini? Madarasa yale ya kusaidiwa yanajaa upesi, na kama una deni hata la kitabu cha maktaba wanakuwekea kizuizi hujiandikishi

Salum (Dallas): Naangalia… kuna kizuizi kimoja. Chanjo ya uti wa mgongo, wanataka cheti

Mama Salum (Tanga): Kile cha njano kipo kabatini kwangu, ngoja nikipige picha