Ushauri: Noah yangu ndani imechoka, nianzie wapi?

Dereva_Malindi: Waungwana, nawasalimu. Nina Noah ya kubeba wageni kutoka uwanja wa ndege kwenda Watamu na Gede. Injini iko sawa, servisi siikosi. Ndani ndiko kumechoka: viti vimefifia, mpini wa mlango umelegea, dashibodi inagongagonga tukiingia njia ya vumbi. Mteja tumeshakubaliana bei kwa simu, lakini akivuta tu mkanda uliojaa mchanga anaanza kupatana upya, na gari halijaondoka! Nina shilingi 40,000. Rafiki asema nivishe viti reksini nyeusi na niweke taa za buluu. Hii ndiyo riziki yangu, nishaurini.

FundiViti: Reksini nyeusi kwa jua letu hapana, ndugu yangu. Nyeusi hufyonza joto na reksini haipitishi hewa. Mgeni wa kaptura akikalia saa nane mchana ataruka. Tafuta kitambaa cha kijivu kisichokoza. Kwanza lakini badilisha sponji iliyobonyea, maana kitambaa kipya juu ya sponji iliyokufa abiria ataijua kabla hamjafika Gede. Na kama viti vya mbele vina mifuko ya hewa ubavuni, kava isiizibe.

Mchoraji_Lamu: Mteja haioni injini yako. Anaikisia kwa anachokishika: mpini, mkanda, kitufe cha dirisha. Wajapani wamelisomea jambo hili. Profesa Mitsuo Nagamachi wa Hiroshima alianza katika miaka ya 1970 kutafuta namna ya kugeuza hisia za mtumiaji kuwa vipimo vya kiwandani, mbinu inayojulikana kama uhandisi wa Kansei. Mazda waliitumia kwenye gari lao dogo la MX-5 la mwaka 1989. Walitaka dereva ajihisi kitu kimoja na gari, kama mpanda farasi na farasi wake, kwa hiyo hata mkono wa gia waliufanya mfupi, gia iingie kwa mkato. Wewe kaza mpini, safisha mikanda, zuia huo mgongano wa dashibodi. Gari likipiga kelele ndani, abiria huanza kushuku hata breki.

DadaWatamu: Mimi huwaitia wageni magari, na harufu ndiyo inayonikatisha tamaa. Usining'inize marashi. Inua zulia upande wa abiria. Likiwa na unyevu, huenda mpira wa kutoa maji ya AC umeziba. Uzibue, ukaushe zulia, ubadilishe na chujio la hewa.

Kijana_Usiku: Taa za buluu mie zanilipa, ila nabeba vijana wa disko. Wako ni familia na wazee.

Dereva_Malindi: Ahsanteni sana. Zulia nimeliinua sasa hivi, chini ni maji matupu! Taa nimeziacha. FundiViti, je, hela itatosha sponji na kitambaa vyote?

FundiViti: Anza na safu ya kati, huko ndiko wanakokaa wanaolipa. Zulia likauke kwanza, ndipo uniletee.