Filta ya CPL au boksi jeupe? Vyombo vinawaka kwenye picha

Mchuuzi_Msimbazi: Wakuu salaam. Stoo nimeigeuza studio, ila kila picha ina vidoa vyeupe vinavyowaka kama taa za gari. Hela inatosha kitu kimoja: filta ya CPL (kile kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi, kinachokata mng'ao) au lile boksi jeupe la kukunja lenye taa za LED. Kesho kutwa jamaa anakwenda Dubai, nimwagize kipi?

FundiLenzi: Unapiga nini mkuu? Chuma, kioo, plastiki? Kwa simu au kamera? Unauliza nauli hujasema unakwenda wapi.

Dada_Kivuli: CPL! Yangu haibanduki kwenye lenzi. Napiga chupa za manukato. Naizungusha taratibu, mwako unazima wenyewe.

FundiLenzi: Kwa kioo sawa dada, tena ukikaa upande. Chuma kitupu hakiisikii CPL, labda na taa uivishe karatasi ya polaraiza, inayochuja mwanga kama CPL yenyewe. Na inakula mwanga, stopu moja na nusu hadi mbili, na kila stopu ni kupunguza mwanga nusu.

Mchuuzi_Msimbazi: Samahani wakuu. Ni birika na sufuria za chuma cha pua, na madele ya kahawa ya shaba machache. Kamera ya kuazima.

FundiLenzi: Ya kuazima, lenzi kipenyo gani? Filta ya milimita 58 haikai kwenye lenzi ya 67.

Babu_Stendi: Mnamchosha kijana. Puliza spreyi ya nywele, mng'ao unafifia.

PichaTanga: Mzee wangu, usimponze! Mteja aliniletea chupa 12 za manukato, maandishi ya dhahabu. Nikapuliza, picha zikatoka safi, mwenyewe akasifia. Jioni nafuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu: herufi mbili zimehamia kwenye kitambaa. Nikadhani nimekandamiza. Ya pili nikatumia pamba, yaleyale. Kumi nikazirudisha zinanata hivyohivyo. Nililipa zote 12, na hadi leo nikimwona mteja yule navuka barabara. Halafu hizo ni sufuria, mtu atapikia.

Babu_Stendi: Ulipuliza nyingi.

FundiLenzi: Mchuuzi, chuma kinaonyesha kilicho mbele yake. Kidoa ni taa yako, ndogo mno. Tundika karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, pana kuliko birika, karibu kabisa, taa ikae nyuma yake. Pembeni simamisha kadi nyeusi, ukingo wa birika uonekane. Kwenye boksi jeupe peke yake birika linatoka kama limepakwa chokaa.

Dada_Kivuli: Na tundu la lenzi litaonekana jeusi kwenye tumbo la birika. Mimi bado CPL.

Mswahili_Wa_Kale: Dele lisilong'aa nani atalinunua? Kwetu mnunuzi hujitazama kwanza humo.

Babu_Stendi: Kweli. Lisugue kwa ndimu na chumvi, suuza upesi.

PichaTanga: Majivu ndiyo mwisho wa maneno.

Babu_Stendi: Majivu yanakwaruza.

Mchuuzi_Msimbazi: Karatasi ya ramani inauzwa kwa mita? Na dele moja nimeliloweka kwenye ndimu tangu mchana, limekuwa jekundu-jekundu. Ni kawaida?

Babu_Stendi: Nani kasema uloweke?