Tupeane uzoefu: michezo ipi hufana katika sherehe za vijana wa miaka 13 hadi 17?

Mama Kifungua: Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu anatimiza miaka 15 mwezi ujao na ninatarajia wageni wapatao 20 nyumbani kwetu Tabata. Mwaka jana nilimkodi mshereheshaji ambaye aliwapanga vijana katika duara, akawa anamwita mmoja mmoja katikati acheze peke yake mbele ya wajomba na majirani; alipofika kwa wa tatu, nusu ya wageni walikuwa wamejazana jikoni wakisingizia kiu. Nina ua mdogo, viti vya plastiki 30 na spika moja. Nifanye nini safari hii?

Fundi Saa: Hata kwangu walijificha jikoni, na chapati zikaisha kabla ya keki kukatwa.

Shangazi wa Tanga: Mwanangu, wachezeshe rede. Wavulana walianza kwa kuibeza kuwa ni mchezo wa kike, lakini mmoja alipoingia kati kujaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira kutoka pande zote mbili, akapigwa mgongoni kabla hata ya kufikisha robo, wenzake wote walitaka kuonyesha kwamba wao wangeweza. Tuliwatoa uani saa moja usiku kwa kuzima taa.

Mzee wa Simu: Hayo yote ni bure kama hukukusanya simu mlangoni. Weka beseni, kila anayeingia atumbukize yake.

Dada Mlezi: Sikubaliani nawe, mzee wangu. Nilifanya hivyo mara moja, na wazazi wawili waliompigia mtoto bila kujibiwa walifika getini wakiwa wamevaa kanga na kandambili. Waachie simu, kisha wape kazi ya kupiga picha za kuchekesha kwa makundi.

Mzee wa Simu: Basi usishangae wakikaa kimya kama wapo msibani.

Kaka wa Mbagala: Mimi naongezea kumwagia maji mwenye siku yake. Hakuna sherehe bila ndoo.

Dada Mlezi: Kaka, dada yangu alisuka rasta kwa saa sita ili apendeze siku hiyo, na mliommwagia maji yenye unga ni ninyi mnaosema hakuna sherehe bila ndoo. Alilia hadi wageni wakaondoka. Mwulizeni kwanza mwenyewe.

Kaka wa Mbagala: Ukimwuliza, raha ya kumshtukiza inatoka wapi?

Baba wa Kigamboni: Nimesoma neno maji nikakumbuka jambo ambalo mpaka leo silisimulii mbele ya mke wangu. Mwanangu alipofikisha miaka 14 niliandaa mchezo wa kusaka hazina ufukweni. Saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa kabisa, nikatembea kwa miguu mikavu hadi kwenye mwamba na kubandika kidokezo cha mwisho hapo, ndani ya kifuko cha nailoni. Nilipanga waanze saa tano, ila pilau ilichelewa kuiva, wakaanza saa saba. Sikukumbuka kwamba usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, yaani tulikuwa katika bamvua, ambapo maji hupanda zaidi ya mita tatu na hukimbia sana katika saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa. Wavulana wawili waliokuwa wakiongoza walifika mwambani maji yakiwa magotini, wakabaki kubishana juu ya maana ya kidokezo, na walipogeuka maji yalikuwa yamefika kifuani kwa mtu mzima. Mmoja wao hakujua kuogelea. Niliingia na viatu vyangu, lakini mkondo ulinisukuma kando. Aliyewaokoa ni mvuvi aliyekuwa akirudi na ngalawa yake. Aliwapakia juu ya nyavu bila kusema neno, akawashusha, kisha akaniuliza kama mimi ndiye mtu mzima wa hapo.

Fundi Saa: Hilo swali lingenimaliza.

Shangazi wa Tanga: Alhamdulillahi. Sisi wa pwani tunatazama mwezi kabla ya kutazama kalenda.

Kaka wa Mbagala: Hazina yenyewe ilikuwa nini?

Baba wa Kigamboni: Boksi la biskuti. Lilikuwa limezikwa chini ya mnazi, mita kumi kutoka nilipokuwa nimesimama.

Dada Mlezi: Wazazi wa wale vijana uliwaambia?

Baba wa Kigamboni: Niliwaambia jioni ile ile, mlango kwa mlango. Mmoja alinishukuru, mwingine hatujasalimiana tena.

Mama Kifungua: Pole sana, baba. Nami nirudi Tabata, ambako bahari haipo. Nimemsomea binti yangu maoni yenu. Rede ameikubali, kwenye ndoo ametikisa kichwa, beseni la simu ameliita jela, na ameomba wajomba wakae sebuleni. Shangazi, mpira wa rede unatengenezwaje siku hizi?

Shangazi wa Tanga: Jaza matambara ndani ya soksi nene, ikaze, halafu uishone mdomo. Usikubali mtu atie jiwe katikati ili uende mbali. Kaka yangu ana kovu la mwaka 1988.